Vimelea vya kinywa na afya ya fizi: kazi ya Profesa Mecky Matee na watafiti wa Muhimbili

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Ugonjwa wa fizi ni miongoni mwa maradhi yanayowapata watu wengi zaidi duniani, lakini pia ni miongoni mwa yale ambayo wagonjwa huchelewa kuyafikisha hospitali. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika ripoti yake ya mwaka 2022 kuhusu hali ya afya ya kinywa, lilikadiria kuwa watu wapatao bilioni 3.5 wana maradhi ya kinywa. Miongoni mwao, zaidi ya watu bilioni 1 wana ugonjwa wa fizi uliofikia hatua kali, sawa na takriban asilimia 19 ya watu wote wenye umri wa miaka 15 na kuendelea.

Katika eneo la Kariakoo jijini Dar es Salaam, mwananchi mwenye fizi zinazotoka damu ana njia nyingi mbele yake. Anaweza kununua mswaki wa mti au wa plastiki kwa mchuuzi, dawa ya meno dukani, au vidonge katika moja ya maduka mengi ya dawa yaliyopo mitaa hiyo. Anaweza pia kusubiri mpaka jino lilegee, kisha aende kuling'oa. Ipi kati ya njia hizo inamfaa ni swali la kisayansi, na sehemu ya majibu yake imepatikana umbali mfupi kutoka sokoni hapo, katika maabara na kliniki za Muhimbili, Upanga.

Makala haya yanaeleza safari ya kitafiti ya Profesa Mecky Matee wa Idara ya Mikrobiolojia na Kingamwili katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS), pamoja na ya wenzake waliochunguza kinywa cha Mtanzania kwa zaidi ya miongo mitatu. Funzo kuu la kazi yao ni kwamba maelezo ya ugonjwa yaliyoandikwa kutokana na wagonjwa wa nchi nyingine hayatoshi kuongoza tiba hapa nchini mpaka yapimwe kwa watu wa hapa.

Ugonjwa wa fizi unavyoanza

Kinywa cha binadamu ni makazi ya mamia ya aina za bakteria. Wengi wao hawana madhara, na baadhi husaidia kuzuia vimelea hatari visipate nafasi. Tatizo huanza pale bakteria wanapoachwa wajikusanye kwenye shingo ya jino, mahali jino linapokutana na ufizi, na kufanya utando laini unaonata ambao Waswahili huuita ukoga. Ukoga usipoondolewa, madini yaliyomo kwenye mate huufanya ugande na kuwa mgumu kama jiwe. Ukishafikia hatua hiyo, mswaki hauwezi kuuondoa; unahitaji kukwanguliwa na mtaalamu.

Uthibitisho kwamba ukoga ndio unaoleta uvimbe wa fizi ulipatikana mwaka 1965 nchini Denmark. Harald Løe na wenzake waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kusafisha meno. Ndani ya takriban wiki mbili hadi tatu wote walikuwa wamevimba fizi, na waliporudia kupiga mswaki fizi zao zilipona ndani ya siku chache. Kutokana na jaribio hilo ilieleweka kuwa hatua ya kwanza ya ugonjwa, ambayo dalili yake kubwa ni fizi kutoka damu wakati wa kupiga mswaki, inaweza kurudishwa nyuma kabisa.

Hatua ya pili ni nzito zaidi. Bakteria wasiopenda hewa, akiwemo yule aitwaye kitaalamu Porphyromonas gingivalis, hustawi chini ya ufizi. Mwili hupambana nao, na katika mapambano hayo nyuzi na mfupa unaoshikilia jino huanza kuliwa. Ufizi huachana na jino na kufanya mfuko, jino hulegea, na mfupa uliopotea haurudi wenyewe. Kwa sababu hatua hii mara nyingi haina maumivu, mgonjwa huweza kuishi nayo kwa miaka bila kujua.

Uchunguzi wa Tanzania uliosahihisha dhana

Kwa muda mrefu vitabu vya tiba ya meno vilifundisha kuwa kila mwenye ukoga mwingi ataishia kuugua ugonjwa mkali wa fizi na kupoteza meno. Kwa mantiki hiyo, nchi za Afrika, ambako huduma ya kusafisha meno kitaalamu ilikuwa adimu, zilidhaniwa kuwa na watu wengi wasio na meno kwa sababu ya fizi.

Mwaka 1986 Vibeke Baelum, Ole Fejerskov na Thorkild Karring walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kwa watu wazima wa Tanzania. Walikuta ukoga na ukoga mgumu kwa karibu kila mtu, na uvimbe wa fizi ulikuwa jambo la kawaida. Hata hivyo, uharibifu mkubwa wa mfupa haukuenea kinywa kizima wala haukuwapata watu wote kwa kiwango sawa. Ulijikusanya kwa watu wachache na kwenye meno machache. Watu wengi walifika umri mkubwa wakiwa na meno yao. Miaka miwili baadaye, Baelum na Fejerskov, wakishirikiana na Firoze Manji, walichapisha matokeo yanayofanana na hayo kutoka kwa watu wazima wa Kenya.

Katika mwaka huohuo wa 1986, Løe na wenzake walitoa matokeo ya kuwafuatilia wafanyakazi 480 wa mashamba ya chai nchini Sri Lanka, ambao hawakuwa na huduma ya meno. Asilimia 8 waliugua kwa kasi kubwa, asilimia 81 kwa kasi ya wastani, na asilimia 11 hawakuvuka hatua ya uvimbe. Matokeo ya pande zote mbili yalionesha kuwa ukoga ni lazima ili ugonjwa utokee, ila ukoga peke yake hauamui nani atapoteza meno. Aina ya bakteria, kinga ya mwili, uvutaji wa sigara na maradhi kama kisukari vina nafasi yake.

Kwa mwananchi, maana yake ni kwamba kung'oka meno si sehemu ya lazima ya uzee, na ukoga si hukumu ya kupoteza meno. Kwa mpangaji wa huduma, maana yake ni kwamba wapo watu wachache walio katika hatari kubwa, nao wanapaswa kutafutwa mapema.

Ilala yachunguzwa

Mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno yalianza Muhimbili mwaka 1979, wakati taasisi hiyo ikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Muhimbili ikawa chuo kishiriki mwaka 1991 na chuo kikuu kamili mwaka 2007. Wataalamu waliopita katika taasisi hiyo ndio walioendeleza maswali yaliyoachwa wazi na tafiti za awali.

Mwaka 1995 Elifuraha Mumghamba, bingwa wa magonjwa ya fizi, na wenzake wawili walichapisha utafiti kuhusu mambo yanayochangia ugonjwa wa fizi katika Wilaya ya Ilala, wilaya ambayo Kariakoo ilikuwamo. Watu kutoka maeneo ya mjini na ya vijijini walipimwa fizi zao na kuhojiwa kuhusu namna wanavyosafisha kinywa, uvutaji wa sigara na kiwango cha elimu. Ugonjwa wa fizi ukaanza kutazamwa pamoja na mazingira ya maisha ya mgonjwa, badala ya kinywa chake pekee.

Mwaka 2004 Mumghamba na Matee, pamoja na watafiti wengine, walirudi kwenye swali la vipimo. Kupima meno yote ya kila mtu katika utafiti mkubwa huchukua muda mrefu, hivyo watafiti wengi duniani wamekuwa wakipima meno 6 tu yaliyochaguliwa na kuyachukua kama kielelezo cha kinywa kizima. Watafiti hao walichunguza iwapo njia hiyo inafaa kwa watu wazima wa Tanzania. Swali hilo lina uzito wake, kwa kuwa ugonjwa unaoshambulia sehemu chache za kinywa unaweza kukosekana kwenye meno yaliyopimwa huku ukiwa unaendelea kwenye meno yaliyoachwa.

Kutoka meno ya watoto wachanga

Sehemu ya kazi za mwanzo za Matee ilihusu watoto wadogo. Katika miaka ya 1990, akishirikiana na wataalamu wa Muhimbili na wa Nijmegen nchini Uholanzi, wakiwemo Frans Mikx na Wim van Palenstein Helderman, alichunguza kwa nini baadhi ya watoto wanaonyonya huoza meno ya mbele mapema na kwa kasi, huku wengine wanaonyonya vilevile wakibaki na meno mazima.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1992 uliangalia bakteria wa jamii ya Streptococcus mutans na laktobasili, ambao hugeuza sukari kuwa asidi inayotafuna jino. Watoto wenye meno yaliyooza walionekana kubeba bakteria hao kwa wingi zaidi. Utafiti mwingine wa mwaka 1994 uliangalia desturi za kunyonyesha na kulikiza, pamoja na mistari ya udhaifu inayotokea kwenye tabaka gumu la nje la jino pale mtoto anapopata misukosuko ya kiafya wakati jino linajengeka. Kuoza huko kulihusishwa na udhaifu huo wa jino na pia na mtoto kulala usiku chuchu ikiwa mdomoni.

Matokeo hayo hayapingi unyonyeshaji. WHO inashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza, kisha aendelee kunyonya huku akipewa vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi, na ushauri huo haujabadilika. Utafiti uliwapatia wahudumu wa kliniki za mama na mtoto ujumbe mahsusi: mama anyonyeshe, amtoe mtoto ziwani anapokuwa amelala, na aanze kumsafisha meno mara tu yanapochomoza.

Kinywa kama dalili ya hali ya mwili

Janga la UKIMWI liliwafanya wataalamu wa kinywa kuwa miongoni mwa wa kwanza kukutana na wagonjwa. Utando mweupe wa fangasi kwenye ulimi na kaakaa ulikuwa dalili ambayo mara nyingi ilitangulia nyingine. Mwaka 2000 Matee, Flemming Scheutz na mwenzao mwingine walichapisha utafiti uliohusisha vidonda na mabadiliko ya kinywani kwa Watanzania wazima wanaoishi na VVU na hali yao ya kinga. Kwa kituo cha afya kisicho na mashine ya kupima kinga, kutazama ndani ya kinywa kulikuwa kipimo cha bure.

Baadaye kazi hiyo iliingia kwenye tiba. Katika utafiti ulioongozwa na Omar Hamza na kuchapishwa mwaka 2008, ambao Matee alikuwa miongoni mwa waandishi wake, wagonjwa 220 wanaoishi na VVU na wenye fangasi ya kinywa waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa flukonazo miligramu 150 kila siku kwa siku 14, na jingine lilipewa miligramu 750 kwa mara moja tu. Matokeo ya uponaji yalilingana. Jumla ya dawa kwa mgonjwa mmoja ilishuka kutoka miligramu 2,100 hadi 750, na mgonjwa aliweza kumeza dozi yote mbele ya mhudumu. Wanasayansi hao pia walitambua aina za fangasi waliotoka kwa wagonjwa wa Tanzania na kupima kama dawa zilizopo bado zinawadhuru.

Mfano mwingine unahusu wajawazito. Taarifa kutoka Marekani na kwingineko zilidokeza kuwa ugonjwa wa fizi wa mama unaweza kusababisha mtoto azaliwe kabla ya wakati na akiwa na uzito pungufu. Mumghamba na Karim Manji, daktari bingwa wa watoto, walilinganisha mama waliojifungua katika Hospitali ya Taifa Muhimbili na kuchapisha matokeo mwaka 2007. Hawakupata uhusiano wenye uzito wa kitakwimu kati ya hali ya fizi za mama na kuzaliwa kwa watoto wa aina hiyo. Mjamzito bado anahitaji kutunza fizi zake, ambazo huvimba kwa urahisi zaidi kutokana na mabadiliko ya homoni, lakini hana sababu ya kubebeshwa lawama ambayo ushahidi wa hapa haukuithibitisha.

Usalama wa damu na usugu wa dawa

Ujuzi wa maabara uliotumika kuchunguza kinywa ulimpeleka Matee kwenye maswali mapana zaidi ya afya ya jamii. Mwaka 2006 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya vipimo vya wachangia damu 1,599 wa Hospitali ya Taifa Muhimbili. Asilimia 3.8 walikutwa na VVU na asilimia 8.8 walikuwa na virusi vya homa ya ini aina ya B. Takwimu hizo zilionesha umuhimu wa kupima kila chupa ya damu. Zinahusu pia kiti cha daktari wa meno, ambako damu hutoka karibu kila siku: vifaa visivyotakaswa vinaweza kuhamisha virusi vya homa ya ini kutoka kwa mgonjwa mmoja hadi mwingine.

Mwaka 2013 Stephen Mshana, Matee na Mark Rweyemamu walichapisha tathmini kuhusu usugu wa vimelea dhidi ya dawa kwa binadamu na wanyama katika nchi za Zambia, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Msumbiji na Tanzania, wakisisitiza haja ya haraka ya mfumo endelevu wa ufuatiliaji. Tanzania ilianza kutekeleza Mpango Kazi wake wa kwanza wa Taifa wa kupambana na usugu huo mwaka 2017, ukafuatiwa na wa pili unaoanzia mwaka 2023.

Suala hilo linarudi moja kwa moja kwa mwananchi wa Kariakoo mwenye fizi zinazotoka damu. Antibiotiki inayonunuliwa bila cheti cha daktari haiondoi ukoga mgumu uliojificha chini ya ufizi. Uvimbe unaweza kutulia kwa siku kadhaa, chanzo kikabaki palepale, na bakteria walionusurika wakajifunza kuishi na dawa. Siku dawa hiyo itakapohitajika kuokoa maisha dhidi ya homa ya mapafu au kidonda cha upasuaji, huenda isifanye kazi.

Mambo ya kuzingatia

Kutokana na ushahidi uliopo, wananchi wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

Kwanza, fizi kutoka damu wakati wa kupiga mswaki si hali ya kawaida. Ni dalili ya uvimbe, na kuacha kupiga mswaki kwa kuogopa damu huongeza tatizo. Piga mswaki mara 2 kwa siku, asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floraidi, ukifikia mahali jino linapokutana na ufizi.

Pili, mswaki wa mti husafisha kwa nyuzi zake, mradi ncha itafunwe mpaka ilainike na ipitishwe kwenye kila jino, ikiwa ni pamoja na upande wa ndani na meno ya nyuma. Ncha iliyochakaa ikatwe.

Tatu, jino linalolegea, ufizi unaoachana na jino, usaha au harufu mbaya ya kinywa isiyoisha ni sababu ya kwenda kituo chenye huduma ya kinywa na meno. Uliza kwanza kama jino linaweza kusafishwa na kutibiwa kabla ya kukubali ling'olewe.

Nne, mwenye kisukari apimwe fizi mara kwa mara. Sukari isiyodhibitiwa huzidisha ugonjwa wa fizi, na ugonjwa wa fizi nao hufanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa. Mvutaji wa sigara ajue kuwa sigara huficha dalili ya damu huku ikiharakisha uharibifu.

Tano, usitumie antibiotiki wala dawa ya fangasi bila kupimwa. Utando mweupe kinywani kwa mtu mzima ni sababu ya kuonana na mtaalamu na kupima afya.

Sita, epuka watu wanaong'oa au kukwangua meno nje ya vituo vilivyosajiliwa, ambako utakasaji wa vifaa hauna uhakika.

Mwezi Mei 2021 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio linalozitaka nchi wanachama kuingiza huduma za kinywa katika mfumo wa huduma za msingi na kuhama kutoka tiba ya kusubiri ugonjwa kwenda kwenye kinga. Siku ya Afya ya Kinywa Duniani huadhimishwa Machi 20 kila mwaka. Kwa mwananchi, hatua ya kwanza ya kinga haihitaji kusubiri tarehe hiyo: ni kutazama fizi zake kwenye kioo, na akiona damu au uvimbe usiokwisha kwa wiki mbili licha ya kusafisha vizuri, afike kituo cha huduma wakati jino bado limeshikwa imara.